Kilichomo Ndani ya Mfarishi

Mfarishi ni matandiko ya matabaka matatu. Tabaka la juu ndilo uso wake, nalo huwa kitambaa kizima au vipande vingi vilivyounganishwa kwa ustadi. Tabaka la chini ni bitana. Na kati ya hayo mawili hulala kijazo, yaani pamba, sufu au kitu kingine laini cha kutia joto. Mishono hupenya matabaka yote matatu na kuyafanya kitu kimoja. Mtazamaji husifu rangi na mpango wa vipande. Fundi mwenzake husifu udogo wa mishono. Kijazo hakisifiwi na mtu, kwa sababu hakionekani. Walakini mfarishi usio na kijazo ni shuka mbili zilizoshonwa pamoja tu. Na historia ya mifarishi isiyouliza kijazo kilitoka wapi, kilisafishwa na nani, na kiliwekwa mle kwa sababu gani, ni historia iliyoishia mlangoni.

Siku hizi mwanafunzi wa ushoni huu huanza kazi yake kwa kuchagua. Dukani mbele yake kuna pamba tupu, sufu, poliesta, hariri, na michanganyiko ya hivyo. Kuna kijazo chembamba na kinene, cha kushonwa kwa mkono na cha kushonwa kwa cherehani. Uhuru huo ni mgeni sana duniani. Kwa karne nyingi mshonaji hakuchagua kijazo, bali alipokea kilichopatikana. Na kilichopatikana ndicho kilichoamua mishono ikaribiane kiasi gani, mfarishi uwe mzito kiasi gani, na udumu miaka mingapi. Nchi ya Marekani, ambako ushoni huu ulienea kuliko mahali pengi, ni mfano bora wa jambo hili. Huko kijazo kina habari ambazo uso wa mfarishi haukuzitaja.

Ili kuelewa tabia za vijazo, msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali, kwa maana lugha yake mwenyewe imezihifadhi. Pamba ni neno lenye asili ya Kiajemi. Sufu ni neno la Kiarabu kwa manyoya ya kondoo. Na kutoka neno hilo hilo la manyoya watu wa pwani walilipa zao la msufi jina la sufi, kwa kuwa macho yaliona kufanana. Lakini mikono hujua tofauti. Nyuzi za sufi ni tupu ndani kama mirija, nazo zina nta kidogo juu yake. Zateleza, hazishikani, wala hazinywi maji kwa urahisi. Kwa sababu hiyo zafaa sana godoro na mto, ambavyo ni mifuko iliyofungwa pande zote: nyuzi zikisogea humo, mwenye mto huupigapiga zikarudi mahali pake. Mfarishi si mfuko. Kijazo chake hakina budi kulala kama utando mmoja mpana na mwembamba, kisikimbie pembeni wala kisikusanyike mafungu mafungu. Pamba, ambayo nyuzi zake zimejipotoa tangu kuzaliwa kwake, hushikana kidogo; sufu, ambayo kila unyoya wake una magamba madogo sana, hushikana zaidi. Hapo ndipo ilipo kanuni ya kazi nzima: kijazo huamuru mshono. Kisichoshikana chenyewe hapana budi kishikwe na uzi.

Kanuni hii ni ya kale. Katika British Museum mjini London mna sanamu ndogo ya pembe ya ndovu iliyotoka Abydos nchini Misri, ya kadiri ya miaka 3000 kabla ya Kristo, inayomwonyesha mfalme amejifunika joho ambalo, kwa mistari yake, wengi wamelidhania kuwa la matabaka yaliyoshonwa. Katika makaburi ya Noin-Ula nchini Mongolia, msafara wa Mrusi Pyotr Kozlov ulifukua, katika miaka ya 1924 na 1925, zulia la sufu iliyogandamizwa lenye umri wa miaka ipatayo 2000, nalo limeshonwa mistari mingi mno. Katika kisiwa cha Sisilia, baina ya 1360 na 1400, mafundi wasiojulikana majina walishona matandiko yenye picha za hadithi ya Tristan. Kipande kimoja chake kimo katika Victoria and Albert Museum, London, na kingine katika Bargello, Florence. Kitambaa chake ni kitani, na picha zake zimenyanyuka kwa sababu zimejazwa pamba. Kisiwa hicho kilipata kutawaliwa na Waarabu tangu karne ya 9 mpaka ya 11, nao ndio walioleta kilimo cha pamba. Basi hata katika kazi hii ya anasa, kijazo kilitokana na kilichoota karibu na mlango wa fundi.

Walowezi wa Ulaya waliohamia pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini walichukua kanuni hiyo pamoja nao. Katika majimbo ya kaskazini, penye majira marefu ya baridi, walijaza mifarishi yao sufu ya kondoo wao. Aliyekosa sufu alijaza blanketi lililochakaa, au matambara, au mfarishi mkuukuu. Na hata leo watunzaji wa makumbusho hufumua pindo la mfarishi mmoja wakauona mwingine ndani yake, kama kaburi lililochimbwa juu ya kaburi. Pamba ilijulikana, lakini haikuwa nyingi, wala haikuwa rahisi. Shida yake ilikuwa mbegu.

Pamba ya nyuzi ndefu iliyoota karibu na bahari ilikuwa na mbegu nyeusi, laini, inayotoka bila ubishi ikipitishwa baina ya magogo mawili madogo yanayozunguka. Na chombo cha namna hiyo kilikuwa kimetumika India kwa karne nyingi. Lakini pamba ya nyuzi fupi, ambayo peke yake ilistawi katika mashamba ya bara, ilikuwa na mbegu iliyofunikwa kwa manyoya ya kijani, yaliyoshikilia nyuzi kama kupe. Mtu mmoja aliyeichambua kwa vidole alipata kadiri ya ratili 1 ya pamba safi kwa siku nzima. Mwaka 1793, katika shamba moja la Georgia, Eli Whitney aliunda mashine yenye meno ya waya yaliyovuta nyuzi kupitia nafasi nyembamba zisizopitisha mbegu, na burashi iliyozipangusa nyuzi kutoka katika meno hayo. Hati yake ya haki ya uvumbuzi ilitolewa tarehe 14 Machi, 1794. Mashine ndogo ya kuzungushwa kwa mkono ilisemwa kuweza kusafisha ratili 50 kwa siku.

Mtu angedhani kwamba mashine iliyopunguza kazi ingempunguzia mtumwa mzigo. Mambo yakawa kinyume chake. Kwa kuwa kuchambua hakukuwa kizuizi tena, kila aliyekuwa na ardhi alitaka kulima pamba zaidi, na kulima na kuchuma kulibaki kazi ya mikono ya watu. Hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 1790 ilikuta watumwa karibu 700,000. Ile ya 1860 ilikuta karibu milioni 4. Pamba ikawa mali kuu iliyouzwa na nchi hiyo ng'ambo. Sehemu yake ilifumwa katika viwanda vya New England, na kutoka bandari ya Salem nguo zake zililetwa Unguja, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Jina la merikani, ambalo Waswahili walilipa kitambaa kile kizito kisichotiwa rangi, ni kumbukumbu ya biashara hiyo. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 mpaka 1865, vilipoikata pamba, merikani iliadimika katika maduka ya Unguja. Hivyo nguo iliyovaliwa na watu wa Afrika Mashariki ilitokana na jasho la watu ambao wazee wao walitolewa Afrika kwa minyororo. Pamba ya mashamba hayo hayo ndiyo iliyolala ndani ya mifarishi ya Marekani.

Kutokana na habari za mashine ya Whitney ilizaliwa imani moja iliyokaa miaka mingi kati ya wauzaji na wakusanyaji wa vitu vya kale. Walikuwa wakiuinua mfarishi mbele ya dirisha, mwanga ukapita, wakahesabu vidoa vyeusi ndani yake. Vidoa hivyo ni mbegu za pamba au vipande vya mbegu. Kisha walihukumu: mfarishi wenye mbegu ulishonwa kabla ya mwaka 1793, kwa kuwa baada ya hapo mashine iliondoa mbegu zote. Hoja hiyo ina sura ya akili. Ni fupi, ina tarehe, na kila mtu mwenye dirisha aweza kuitumia. Tena ilimfaidia muuzaji, kwa kuwa mfarishi uliozidishiwa umri huzidishiwa na bei.

Hoja hiyo ni potofu, na Barbara Brackman alikuwa miongoni mwa walioieleza kasoro yake, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kiitwacho Clues in the Calico. Kwanza, vidole havikuacha mbegu. Viliacha mbegu chache kuliko mashine, maana mtu anayechambua nyuzi za kulalia yeye mwenyewe haoni haja ya kuacha kokoto ndani yake. Pili, mashine haikuondoa kila kitu. Meno yake yalizivunja baadhi ya mbegu, na vipande vikapita pamoja na nyuzi. Tatu, pamba iliyochambuliwa iligawanywa kwa madaraja: ile safi iliuzwa kwa wafumaji, na ile chafu, yenye chembe za mbegu na majani, ikabaki kwa matumizi ya bei ndogo, na kujaza mifarishi ni mojawapo. Nne, mifarishi ya Marekani iliyosalia tangu kabla ya mwaka 1793 ni michache sana. Ile inayoonekana kwa wingi ni ya karne ya 19 na ya 20. Kwa hiyo vidoa vinavyoonekana mbele ya dirisha huelekea kuwa ushahidi wa wakati wa mashine, si wa wakati uliotangulia.

Lakini kosa hili lina ubaya mwingine, mkubwa kuliko kukosea tarehe. Aliyesema kwamba kazi ya vidole ilikoma mwaka 1793 alisahau ni vidole vya nani. Baina ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani, na mahojiano yaliyokusanywa yalizidi 2,300. Katika mengi ya hayo wazee walieleza kazi za usiku. Baada ya kutwa shambani, wanawake na watoto walikaa karibu na moto wakichambua mbegu katika pamba ya matumizi ya nyumbani, na wengine walipewa kipimo cha kutimiza kabla ya kulala. Kisha pamba ilichanwa kwa vibao viwili vyenye meno ya waya, kimoja kikivutwa juu ya kingine, mpaka nyuzi zikalala upande mmoja. Kila mvuto ulitoa kipande kidogo kisichozidi ukubwa wa kibao, na vipande vingi vilipangwa bega kwa bega juu ya bitana hata vikaenea mfarishi mzima. Hayo yalikuwa yakitendeka katikati ya karne ya 19, nusu karne na zaidi baada ya uvumbuzi wa Whitney. Mashine ilikuwa ikifanya kazi mchana kwa ajili ya soko. Vidole vilifanya kazi usiku kwa ajili ya nyumba. Mtaalamu aliyehesabu mbegu na kuandika "kabla ya 1793" aliwafuta watu hao katika historia bila kukusudia.

Kijazo cha namna hiyo kilikuwa na sheria kali. Vipande vidogo vilivyopangwa bila gundi vingesogea mara tu mfarishi ulipofuliwa, na pamba iliyosogea hujikunja ikawa vifundo. Kwa hiyo mistari ya mishono ilipaswa kukaribiana, mara nyingi inchi 1 au 2, isije ikaachwa nafasi ya pamba kutoroka. Mistari ile myembamba ya mapiku, ya mawimbi na ya manyoya ya ndege, ambayo wapenzi wa sanaa huisifu kama subira ya wanawake wa zamani, ilikuwa subira kweli. Lakini ilianza kama shurti. Walioshona walilikubali shurti hilo wakalipamba, na katika kulipamba wakawa wasanii. Anayetaka kuwaheshimu na ajue yote mawili.

Ukombozi wa kwanza ulitoka kiwandani. Mwaka 1846, mjini Cincinnati, ilianzishwa kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Stearns & Foster. Kazi yake ilikuwa kuifanya pamba iwe utando mmoja na kuupaka wanga juu, ili ukunjuliwe bila kuraruka. Mshonaji aliyeweza kununua alipokea kijazo kilichokwisha kuchambuliwa, kuchanwa na kutandazwa. Katika karne ya 20 kampuni hiyo iliuza kijazo chake kwa jina la Mountain Mist, na tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilichapa michoro ya mifarishi katika karatasi zilizofungiwa bidhaa hiyo. Hapo kuna jambo la kuzingatiwa. Michoro mingi iliyoshonwa nchini kote katika miaka ya 1930, ambayo wajukuu huiona kuwa urithi wa familia zao, ilitoka katika karatasi iliyofungia pamba. Kile kisichoonekana kilikuwa kimeanza kuamuru hata uso.

Lakini si kila mtu aliyenunua. Katika Wilcox County, jimbo la Alabama, mto wa Alabama huzunguka nchi iitwayo Gee's Bend. Joseph Gee alifungua shamba la pamba huko mwaka 1816. Baadaye lilimilikiwa na Mark Pettway, na wazao wa watumwa wake wengi wanaitwa Pettway mpaka leo. Baada ya utumwa kukomeshwa walibaki katika ardhi ile ile kama wapangaji, wakilima pamba kwa mkopo wa mbegu na chakula. Bei ya pamba ilipoanguka hata senti 6 kwa ratili na chini yake, madeni yakawaelemea. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyewakopesha alikuwa amekwisha kufa, na wenye kudai walikuja kuchukua wanyama, zana, mahindi na kila kilichouzika, wakaziacha familia nyingi zikikabili majira ya baridi kwa mikono mitupu. Mwaka 1937 Arthur Rothstein, mpiga picha wa serikali, aliwapiga picha wakazi hao, na katika picha zake wamo watu wakishona mfarishi.

Watu hawa walilima pamba maisha yao yote, wala hawakuwa na pamba ya kujazia. Pamba safi ilikwenda kulipa deni. Wanawake walieleza baadaye jinsi walivyokwenda kufagia sakafu ya kiwanda cha kuchambulia, wakakusanya mabaki yenye vumbi, majani na mbegu, wakayatandika nyumbani, wakayapiga kwa fimbo mpaka yakalainika na kuenea. Uso wa mifarishi yao ulikuwa nguo kuukuu za kazi. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mfarishi kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki, ili apate kujifunika kumbukumbu yake. Mtaalamu mwenye dirisha, kama angaliuinua mfarishi wa Gee's Bend uliojazwa mabaki ya sakafu, angaliona vidoa vyeusi vingi, akaandika kwamba ni kazi ya karne ya 18. Hangaliona sakafu, wala ufagio, wala deni. Mbegu ilikuwa ikisema kweli. Msomaji wake ndiye aliyekosea lugha.

Mwaka 1965 Martin Luther King alifika Gee's Bend. Wakazi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walikuwa wamekwisha kukatiwa kivuko cha kuwapeleka mji mkuu wa wilaya tangu mwaka 1962, nacho hakikurudishwa mpaka 2006. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu hizo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi yao katika miji mikubwa. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika Museum of Fine Arts mjini Houston, kisha katika Whitney Museum mjini New York, na wahakiki wakaifananisha na picha za wachoraji wakuu wa karne ile. Sifa hiyo ilistahili. Lakini ukutani mfarishi huonyesha uso tu, na sakafu ya kiwanda ikarudi gizani.

Wakati huo kijazo chenyewe kilikuwa kimebadilika. Mwaka 1941 Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waligundua nyuzi za poliesta, na baada ya vita kampuni ya DuPont ilizitengeneza Marekani kwa jina la Dacron. Katika miaka ya 1960 na 1970 kijazo cha poliesta kilienea. Kilikuwa chepesi, kilifuliwa na kukauka upesi, hakikuliwa na nondo, wala hakikuwa na mbegu hata moja. Zaidi ya hayo, utando wake ulishikana wenyewe, hata mistari ya mishono iliweza kuachana inchi kadhaa. Mwaka 1971 Whitney Museum ilionyesha mifarishi kama sanaa, na mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200, watu wengi walitamani kushona. Kama kijazo kingalikuwa bado kile cha kudai mishono kila inchi, wengi wao wangalikata tamaa. Walakini poliesta nayo ilikuwa na dosari zake. Nyuzi zake zilipenya kitambaa zikatokeza nje kama ndevu, na mfarishi ulivimba bila kupata ule ulaini wa pamba iliyofuliwa miaka mingi. Baadaye viwanda vilijifunza kuichoma pamba kwa sindano nyingi mpaka ikashikana, au kuiwekea wavu mwembamba. Na leo kipo kijazo cha pamba kiwezacho kushonwa mistari inayoachana inchi 8 mpaka 10.

Hapo ndipo anaposimama mwanafunzi wa leo. Akitaka kuanza na kazi ndogo, mathalani kitambaa cha meza au kilalio cha paka, hushauriwa kuchukua pamba nyembamba, au mchanganyiko wa pamba nyingi na poliesta kidogo, kwa kuwa kijazo hicho hulala bila kuteleza chini ya cherehani na husamehe makosa. Huambiwa asome katika bidhaa yenyewe mistari yaweza kuachana kiasi gani, na akumbuke kwamba pamba isiyofuliwa kabla hujikunja kidogo ikifuliwa. Kilalio cha mbwa kina mashauri yake: kwa kuwa hufuliwa mara kwa mara, poliesta inayokauka upesi hukifaa, sufu ni tamu kwa joto, lakini ikitiwa katika maji ya moto na kusukwasukwa hugandamana, na kwa kuwa mbwa hukwaruza kabla ya kulala, mistari ya mishono yafaa ikaribiane, kama ya wanawake wa zamani, ijapokuwa kwa sababu nyingine. Wengi hukijazia vipande vilivyobaki katika kazi nyingine, na kwa tendo hilo hurudia, bila kujua, desturi ya mfarishi ndani ya mfarishi.

Hakuna aibu katika wepesi huo. Watu waliochambua pamba usiku hawakuipenda kazi ile kwa kuwa ilikuwa ngumu, na wangalifurahi kama wajukuu wao wangepona nayo. Aibu ingekuwa kudhani kwamba wepesi ulikuwapo siku zote, au kwamba aliyeshona mistari ya inchi moja aliipenda tu, na aliyejaza pamba yenye mbegu alikuwa mzembe au wa zamani sana. Kijazo cha mfarishi hakiwezi kumwambia mchunguzi mwaka ulioshonwa kwa kuhesabiwa vidoa. Lakini akikiuliza vizuri, chaweza kumwambia nani aliuza pamba safi, nani alibakiwa na chafu, na nani alikuwa na nafasi ya kuchagua. Mtunzaji atakayeuinua tena mfarishi mbele ya dirisha na aanze na maswali hayo, na tarehe aitafute katika kitambaa, katika rangi na katika maandishi.